Kiswahili cha gereji kina nafasi darasani

Waliosema kwamba ukiona vyaelea jua vimeundwa walikuwa na vyombo vya baharini akilini mwao, lakini usemi wao wafaa pia kwa gari lipandalo mlima. Jumamosi moja hivi karibuni, pikapu yangu ya zamani ilishindwa na mwinuko wa kuelekea Mutituni, nayo ilikuwa imebeba magunia mawili tu ya mbaazi. Haikuzima. Ilitetemeka kama mgonjwa wa homa, ikaunguruma kwa kukatizakatiza, na kila nilipokanyaga mafuta ikazidi kupungukiwa na nguvu. Injini yenye silinda nne ilikuwa ikifanya kazi kwa silinda tatu. Niliigeuza, nikaiteremsha polepole hadi nyumbani Mumbuni, pembeni mwa mji wa Machakos, na njiani nikakata shauri kwamba plagi zake nitazibadilisha kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilijiona ninayo kila sababu ya kujiamini. Kijitabu cha maelezo ya gari nilikuwa nacho, kimeandikwa kwa Kiingereza kisichonipa taabu. Plagi nne mpya nilizinunua katika duka la spea mjini. Spana ndefu ya plagi niliazima kwa jirani. Tena kanuni ya jambo lenyewe naijua tangu shule ya upili: betri hutoa volti 12 tu, koili huukuza umeme huo ukafika volti elfu nyingi, na umeme huo unapofika kwenye ncha ya plagi huruka mwanya mdogo na kutoa cheche inayouwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini ya mikondo minne inapozunguka mara 3,000 kwa dakika, kila plagi huwa inatoa cheche 25 kwa kila sekunde. Mtu aliyefundisha isimu kwa miaka mingi atashindwaje na kazi ya kufungua vitu vinne na kufunga vingine vinne?

Nilishindwa, na nilivyoshindwa ndiko kulikonifanya niandike makala haya.

Mtoto wa jirani yangu, kijana afanyaye kazi katika kibanda cha mafundi mjini kwa mwaka wa sita sasa, alinikuta nimefunua boneti. Alinisalimu, akasimama kando kwa adabu, mikono nyuma, kama asimamavyo mwanafunzi mbele ya mwalimu wake. Nilikuwa nimekwisha kuzing'oa waya zote nne za plagi kwa mkupuo mmoja. Alipoziona zinaning'inia aliguna kidogo.

"Mwalimu," akasema, "sasa utajuaje ipi ni ya wapi?"

Sikujua. Kijitabu changu kilisema kwamba silinda huwaka kwa mpangilio wa 1, 3, 4, 2, lakini hakikunieleza kwamba mwenye busara hutoa waya moja, akabadilisha plagi moja, akairudisha waya ile, ndipo akaenda kwa ya pili. Au pengine kilinieleza nami nikaruka ukurasa. Kijana alizipanga upya waya zile kwa kufuata urefu wake na kwa kutazama zilikotoka kwenye distribyuta. Kisha akanionyesha kwamba waya haivutwi kwa kushikwa mwilini, bali hushikwa kwenye kofia yake ya mpira, ikazungushwa kidogo, ndipo ikavutwa. Akagusa injini kwa kiganja kuhakikisha imepoa, maana kichwa cha injini nyingi ni cha alumini, na alumini ikiwa moto ni rahisi kuziharibu hesi zake. Akaomba pampu ya baiskeli, akapuliza vumbi lililozunguka mashimo ya plagi. Wakazi wa Ukambani hawahitaji kuelezwa habari za vumbi. Plagi ikifunguliwa kabla ya kupuliza, vumbi lile lote huingia ndani ya silinda na kuikwaruza.

Kosa langu kubwa lilifuata. Plagi ya kwanza mpya niliiingiza katika spana, nikaipeleka shimoni, nikaanza kukaza. Baada ya nusu mzunguko nilihisi ukinzani, nikaongeza nguvu. Kijana, aliyekuwa amejizuia kwa heshima muda wote huo, aliushika mkono wangu.

"Usiilazimishe, Mwalimu. Plagi huanza kwa vidole."

Aliitoa, akaigeuza mbele ya macho yangu, akanionyesha alama ndogo kwenye hesi ya kwanza. Ilikuwa imeingia kombo. Laiti ningaliongeza mzunguko mmoja zaidi, ningaliharibu hesi za kichwa chenyewe, na tiba yake huenda ingekuwa kukifungua kichwa chote cha injini na kukipeleka kwa mchonga vyuma. Aliirudisha shimoni kwa vidole viwili, akaizungusha taratibu mpaka ikakaa yenyewe, ndipo akachukua spana akakaza nusu mzunguko tu ili kuibana pete yake. "Ikikubali vidole, imekubali," akasema.

Msomaji, nimezisoma kanuni nyingi za ufundishaji, lakini ni chache zilizobana maarifa mengi hivyo katika maneno machache hivyo.

Baadaye alizipanga plagi nne kuukuu juu ya gazeti, kwa utaratibu wa silinda zake, akaanza kuzisoma. Nasema kuzisoma kwa makusudi. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka kwenye ncha. "Hizi zilikuwa zinakula vizuri," akasema. Ya nne ilikuwa nyeusi na imelowa. "Hii imekunywa oili." Kama ingalikuwa nyeusi lakini kavu kama masizi ya chungu, alieleza, ningalijua kwamba injini inapewa petroli nyingi kuliko hewa, jambo linaloweza kuzipata injini za kabureta katika miji ya nyanda za juu kama huu wetu, ulioko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kama ingalikuwa nyeupe yenye malengelenge, ningalijua kwamba inaungua kwa joto la kupita kiasi. Lakini hii ililowa oili, basi oili inapenya mahali fulani, ama kwenye ringi za pistoni ama kwenye mipira ya vali. "Ukibadilisha plagi tu, itakwenda vizuri. Baada ya miezi miwili utaniita tena."

Daktari hutazama ulimi wa mgonjwa; huyu alitazama ncha ya plagi. Na yote hayo aliyasema kwa Kiswahili chepesi, kilichopangika, pasipo kusitasita.

Hatimaye alichukua vipande vyembamba vya chuma vya kupimia, akapitisha kimoja katika nafasi iliyopo baina ya ncha ya kati na kile kidole cha chuma kilichopinda juu yake. "Mwanya huu umezidi," akasema, akakigonga kidole kile taratibu mpaka mwanya ukafika milimita 0.8, kipimo nilichomsomea kutoka kijitabuni. Nilisimama kidogo nikalitafakari neno hilo. Mwanya! Neno ambalo washairi na wapenzi wamelitumia kwa karne nyingi kuyasifu meno ya mbele yaliyoachana kidogo, fundi wa Machakos analitumia kupima urukaji wa cheche. Hakulipata katika kamusi yoyote ya ufundi. Alilikuta katika lugha, akaliona linafaa, akalitumia. Ndivyo lugha zote zikuavyo.

Wala Kiswahili si kigeni katika tabia hiyo. Neno msasa, ambalo leo kila seremala na kila fundi rangi humaanisha karatasi ya kukwaruza, lilikuwa na bado ni jina la mti wenye majani makavu yanayokwaruza, ambayo wazee waliyatumia kulainishia mbao. Karatasi ilipokuja dukani ilikuta jina limekwisha kuandaliwa. Neno gari tulilipokea kutoka lugha za Bara Hindi. Spana na injini tulizitoa katika Kiingereza, tukazivika irabu zetu na kuzipa upatanisho wa sarufi yetu. Sasa hazina ugeni wowote.

Hata jina la plagi lina funzo kwa wanafunzi wetu wa isimu. Waingereza walipokitazama kifaa hicho waliona kizibo kinachoziba shimo, nasi tukalichukua neno lao. Wafaransa walikiona kama mshumaa, na jina walilokipa ndilo hilo hilo wanaloliita mshumaa wa nta. Wajerumani vilevile wanakiita mshumaa wa kuwashia, Waitaliano na Wareno nao wakafuata njia hiyo, na katika Kiarabu sanifu jina lake linaanza na neno lilelile lililotupatia sisi neno mshumaa. Kitu ni kimoja, macho ni mbalimbali. Hakuna kati yao aliyekosea, na hakuna lugha iliyoshindwa kulitaja jambo hilo kwa kuwa haikuzaliwa pamoja nalo. Wakati mafundi wa kampuni ya Robert Bosch kule Ujerumani walipoitengeneza plagi ya kutumika na magneto ya volteji kubwa mnamo mwaka 1902, lugha zote za dunia zililazimika kulitafutia jina.

Basi kama Kiswahili kinaweza, tatizo liko wapi?

Nilimwuliza kijana yule kwa nini, pamoja na ustadi wake wote, angali akilipwa kama msaidizi. Alijibu akiwa ameinama, akifuta spana kwa kitambaa. Alisema amekwisha kufanya mtihani wa ufundi mara mbili. Kazi ya mikono alifaulu mara zote mbili. Karatasi ya nadharia, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ilimwangusha mara zote mbili. Mwajiri anataka cheti, si mikono.

Nilimwomba anikumbushe maswali aliyokosa. Moja lilimtaka ataje sababu tatu za kuharibika kwa plagi. Jingine lilimtaka aeleze kazi ya kihami chake, yaani ile kauri nyeupe izuiayo umeme usitorokee pembeni kabla ya kuifikia ncha. Maswali yote mawili alikuwa amekwisha kunijibu, bila kuulizwa, nusu saa kabla, huku akinizuia nisiiharibu injini yangu. Jibu alikuwa nalo. Hakujua kwamba ndilo lililokuwa likiulizwa.

Hapo niliona haya. Mimi nilikuwa na maneno yote ya Kiingereza yaliyotakiwa na karatasi ile, nami nilikuwa karibu kuharibu kichwa cha injini. Yeye alikuwa na maarifa yote, naye hana cheti. Kati yetu wawili, mfumo wetu wa elimu ungemtunuku nani?

Sisemi haya kwa kukibeza Kiingereza. Vijitabu vya magari huandikwa kwa lugha hiyo, na fundi asiyeweza kuvisoma atabaki nyuma kadiri injini zinavyozidi kutawaliwa na kompyuta. Wala sisemi kwamba lugha ya gereji haina kasoro. Inazo. Kijana wangu alitumia neno moto kwa maana tatu tofauti kabla ya chai ya saa nne: moto ulikuwa umeme upitao katika waya, moto ukawa cheche irukayo mwanyani, na moto ukawa joto la injini. Fundi mwenzake aliyesimama pale angemwelewa kwa kuangalia alipoelekeza kidole. Lakini mwanafunzi asomaye kitabuni hana kidole cha kuangalia. Yeye anahitaji mkondo uwe mkondo, cheche iwe cheche, na joto liwe joto. Kazi hiyo ya kutenganisha maana ndiyo kazi yetu sisi walimu na wanaisimu, nasi hatujaifanya vya kutosha.

Ni kweli kwamba juhudi zimekuwapo. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa nchini Tanzania mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 1990 ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Hapa Kenya, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka 1985, Kiswahili kililazimishwa na kutahiniwa katika shule za msingi na za upili, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Hayo ni mambo ya kujivunia. Lakini mara nyingi uundaji wa istilahi umeanzia mezani ukashuka kwa watu, na ushindani wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta umetufunza kwamba watu hawalazimiki kulipokea neno kwa kuwa msomi amelitunga. Neno nalo ni kama plagi: lisipokubali vidole, spana haitalisaidia.

Njia ya pili, ambayo hatujaitembea vya kutosha, ni kuanzia gerejini tukapanda kuelekea darasani. Tukumbuke kwamba jina jua kali lenyewe lilizaliwa na watu waliofanya kazi pasipo paa. Lilipanda kutoka vibandani hadi likaingia katika nyaraka rasmi za serikali zilizoandikwa kwa Kiingereza, ukiwamo Waraka wa Bunge Na. 2 wa mwaka 1992 uliohusu biashara ndogo na maendeleo ya jua kali. Wenye lugha nyingine walilikubali neno letu bila kulitafsiri. Je, sisi wenyewe tunaona haya gani kuyakubali maneno mengine yatokayo mahali pale pale?

Nina pendekezo dogo kwa walimu wenzangu, lisilohitaji fedha wala kamati. Katika somo la uandishi tunawafundisha wanafunzi kuandika maelekezo ya kufanya jambo. Aghalabu tunawaomba waeleze jinsi ya kupika pilau au kuandaa chai. Hakuna ubaya. Lakini muhula ujao mwalimu mmoja awapeleke wanafunzi wake kwenye gereji iliyo karibu na shule, wasimame kwa adabu kama alivyosimama kijana yule mbele yangu, wamsikilize fundi akibadilisha plagi, kisha warudi waandike maelekezo yake kwa Kiswahili sanifu ambacho hata shangazi aliyeko kijijini atakisoma na kukifuata. Watagundua wenyewe mahali neno moto linapoleta utata, nao watalitafutia tiba. Watagundua kwamba mwanya una kipimo, na kwamba hatua ya pili haitangulii ya kwanza. Mwalimu wa fizikia asahihishe ukweli wa mambo, mwalimu wa Kiswahili asahihishe lugha. Nakala moja apewe fundi.

Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu wanaotafuta mada za tasnifu, nasema vivyo hivyo. Msiishie kuchambua upya riwaya ambazo wenzenu mia moja wamekwisha kuzichambua. Kila kibanda cha mafundi, cha maseremala, cha washonaji na cha wachomeleaji kutoka Machakos hadi Mombasa ni maktaba isiyoandikwa. Tena vitabu vyake huzeeka. Magari mapya mengi hayana distribyuta wala kabureta. Mafundi waliozitaja kwa ufasaha wanastaafu, nao wataondoka na msamiati wao.

Kijana wangu atafanya mtihani wake kwa mara ya tatu. Tumenunua daftari lenye kurasa 96. Kila Jumapili alasiri huja kibarazani kwangu. Upande wa kushoto yeye huniambia jambo kwa Kiswahili nami huliandika. Upande wa kulia tunaandika pamoja jinsi karatasi ya mtihani itakavyoliuliza kwa Kiingereza. Tumefika ukurasa wa thelathini na moja. Kurasa za kushoto hujaa upesi kuliko za kulia, nami nakiri kwamba za kushoto ndizo ninifunzazo zaidi. Pikapu inapanda mlima wa Mutituni bila kukohoa, ingawa nimekwisha kuonywa kuhusu oili, na nimeanza kuweka akiba ya ringi.

Wanafunzi wa isimu wanafahamu kwamba maneno fundi, funzo na mwanafunzi yamechipuka katika mzizi mmoja. Lugha yetu ilikwisha kuamua, kabla hatujajenga hata shule moja ya matofali, kwamba afanyaye kwa mikono na ajifunzaye ni watu wa ukoo mmoja. Sisi ndio tuliowatenganisha, mmoja tukampa cheti na mwingine tukampa spana. Naomba tuwakutanishe, nasi tuanze taratibu, kwa vidole.